Mhadhiri Yuko Wapi? Yaliyogunduliwa Kuhusu Masomo Mseto Katika Vyuo Vikuu

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Nne atakuwa wapi baada ya mtihani, atakujibu “chuoni”, na macho yatamng'aa kama nyota. Anachokiona akilini ni jumba refu, ukumbi wenye viti vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, na mhadhiri mwenye miwani amesimama mbele. Hebu nimwulize swali lingine. Je, ikiwa huyo mhadhiri hatakuwapo? Ikiwa chuo chenyewe kimo ndani ya simu, naye yuko kwao nyumbani akisikia jogoo wakiwika na mama akimwita kuteka maji, atasoma kweli?

Swali hili si la mzaha. Mnamo mwaka wa 2023, mwezi wa Agosti, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, makao yakiwa Konza, na kazi yake ni kufundisha watu kwa njia ya mtandao. Hata katika vyuo vile tulivyozoea kuvisikia, wanafunzi wengi siku hizi hupata masomo mengine darasani na mengine mtandaoni. Mchanganyiko huo ndio huitwa masomo mseto. (Kwetu Pwani mseto ni mchele uliopikwa pamoja na pojo, na mfano huo si mbaya: ukizidisha kimoja, huo si mseto tena, ni uji.) Basi yamkini mimi na wewe tutaukuta mseto huu tukiondoka hapa, na ni heri tujue waliotangulia waliona nini.

Kwanza niondoe dhana moja. Wengi hudhani kusoma ukiwa mbali na mwalimu kumeanza na kompyuta. Sivyo hata kidogo. Watu walisoma kwa posta zamani sana kabla ya baba zetu kuzaliwa. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kile kinachojulikana kama UNISA, kilianza kufundisha kwa barua mnamo 1946. Mzee Nelson Mandela alikipata shahada yake ya sheria kutoka huko mwaka wa 1989, angali mfungwa. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapa walimu shahada ya elimu kwa masomo ya mbali mwaka wa 1986, na jirani zetu Watanzania wakapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria chao mwaka wa 1992. Baadhi ya walimu waliotufundisha katika shule za msingi walisoma hivyo: mchana chaki mkononi, usiku taa ya mafuta na kitabu.

Lakini kisa kinachofaa kuelezwa kwa kituo ni cha Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Mwaka wa 1963 Harold Wilson, ambaye hakuwa waziri mkuu bado, alitoa hotuba mjini Glasgow akapendekeza chuo kikuu cha hewani, yaani cha redio na televisheni. Wakubwa wengi walimcheka. Eti mpishi wa hoteli asome fizikia kwa televisheni! Hata hivyo chuo kilipata hati mwaka wa 1969, na Januari 1971 wanafunzi wa kwanza wapatao 24,000 wakaanza masomo. Wala hawakuulizwa cheti cha shule. Aliyetaka aliingia.

Sasa, la kushangaza ni hili. Ingawa watu wote walizungumza juu ya televisheni, waliokibuni chuo kile waligundua mapema kuwa televisheni peke yake haimfundishi mtu. Kwa hiyo mwanafunzi alitumiwa vitabu vilivyoandikwa maksudi kwa mtu anayesoma peke yake, vyenye maswali katikati ya kurasa. Aliyechukua sayansi aliletewa sanduku lenye vifaa vya majaribio, pamoja na hadubini ndogo ya plastiki, akafanye majaribio juu ya meza ya jikoni. Wakati wa kiangazi alikwenda kukaa chuoni kwa juma zima pamoja na wenzake, wakaingia maabara kwelikweli. Na zaidi ya yote alikuwa na mkufunzi wake, mtu mwenye jina, aliyesoma kila zoezi lake, akalisahihisha kwa kalamu na kumwandikia pembeni: hapa umekosea kwa sababu hii, hapa umenifurahisha, rudia sura ya nne.

Vipindi vya masomo vya chuo hicho katika BBC, ambavyo vilitolewa alfajiri na usiku wa manane watu wamelala, vilikoma mwaka wa 2006. Chuo hakikufa. Mkufunzi hakukoma. Ukinitaka nieleze kwa neno moja siri ya wale watu, sitataja mtambo wowote, nitataja ile kalamu ya pembeni.

Mtu angedhani somo hilo lilikuwa limeeleweka. Kumbe binadamu ni msahaulifu! Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha kile kilichoitwa Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao, ambacho baadaye kilikuwa na makao yake hapa Nairobi. Mwanzoni mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo hadi katika vyuo vya Afrika, na mwanafunzi mwenye swali alilazimika kupiga simu au kutuma barua ya kompyuta. Fikiria umekaa ukumbini, mtu anakufundisha kutoka bara jingine, na ukitaka kuinua mkono huna pa kuuinulia.

Homa kubwa zaidi ilizuka mwaka wa 2011. Maprofesa wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walilifungua somo lao la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford kwa mtu yeyote duniani, bila malipo. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Nasema mia moja na sitini elfu! Uwanja wa Kasarani ungejaa mara mbili na wengine wabaki nje. Hapo magazeti yakaandika kuwa vyuo vikuu vya kawaida vimekwisha, kwamba punde tu dunia nzima itafundishwa na walimu wachache hodari kupitia mtandao. Kampuni zikaanzishwa, mabilioni yakaingia. Jambo ambalo halikupigiwa ngoma sana ni kwamba waliomaliza somo lile walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Ni wengi, sikatai. Hakuna mhadhiri aliyewahi kufundisha wengi hivyo katika ukumbi. Lakini piga hesabu: katika kila watu wanane walioanza, mmoja hivi ndiye aliyefika mwisho.

Hapa ndipo tunafika San José, mji wa California, na ninaomba msomaji asiruke sehemu hii kwa sababu ndiyo nyama ya makala haya.

Chuo kikuu cha serikali cha San José si Stanford. Wanafunzi wake wengi hutoka katika familia za kawaida, wengine hufanya kazi za jioni ili walipe karo. Katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja, chuo hicho kilijaribu mambo mawili yanayofanana kwa sura, na yakazaa matokeo tofauti kama usiku na mchana.

Jaribio la kwanza lilifanyika mwishoni mwa 2012 katika somo la saketi za umeme, somo linalowaangusha wengi wa wahandisi chipukizi. Wanafunzi walipewa mihadhara ya video iliyotengenezwa na chuo maarufu cha MIT, wakaitazama nyumbani pamoja na mazoezi yake. Kisha walikuja darasani kama kawaida! Darasani mwalimu wao hakurudia mhadhara. Alijibu maswali kwa muda mfupi, halafu akawagawa katika vikundi wakatafuta majibu ya hesabu ngumu, yeye na wasaidizi wake wakizunguka kati yao. Waliofaulu walikuwa asilimia 91. Katika madarasa ya kawaida ya somo lilo hilo, waliofaulu walikuwa hawafiki asilimia 60.

Jaribio la pili lilianza Januari 2013, kwa ushirikiano na kampuni ya huyo huyo Thrun, iitwayo Udacity. Masomo yalikuwa matatu: hisabati ya kurekebisha walioachwa nyuma, aljebra, na takwimu. Ada ilikuwa dola 150 tu kwa somo. Safari hii kila kitu kilikuwa mtandaoni, pasipo darasa la kukutana. Matokeo yalipotoka, waliofaulu walikuwa wachache kuliko wenzao wa darasani, na kufikia Julai mpango ukasimamishwa kwa muda. Ilibainika kwamba miongoni mwa walioandikishwa walikuwamo vijana wa shule ya upili wa familia maskini ambao nyumbani hawakuwa na kompyuta wala mtandao wa kutegemewa. Wengine walikuwa wamekwisha kuanguka somo hilo hilo hapo awali. Yaani aliyehitaji mwalimu kuliko wote ndiye aliyenyimwa mwalimu.

Wajua kilichotokea muhula wa kiangazi? Matokeo yalipanda, watu wakashangilia. Lakini walipochunguza nani aliyekuwa akisoma, walikuta zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada tayari! Mtu mwenye shahada amekwisha kujifunza namna ya kujifunza. Ukimpa video atakula video, ukimpa kitabu atakula kitabu. Mwaka huo huo Thrun mwenyewe alimkiri mwandishi mmoja kwamba bidhaa waliyokuwa wakiwapa wanafunzi wale ilikuwa duni.

Ni haki niseme kuwa majaribio haya mawili hayalingani sawasawa. Saketi si aljebra, na wahandisi walioteuliwa si sawa na vijana walioanguka hisabati. Mwenye kuyatumia kama mizani kamili atadanganyika. Lakini hayako peke yake. Mwaka wa 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilichapisha uchanganuzi wa tafiti nyingi zilizolinganisha njia za kufundisha. Iligundua kuwa masomo mseto yaliyashinda masomo ya darasani pekee kwa kiasi fulani. Waandishi waliongeza onyo ambalo wauzaji wa mitambo hulisahau: mara nyingi wanafunzi wa mseto walikuwa wamepata pia muda zaidi wa kusoma na vifaa zaidi. Kwa hiyo huenda si mtandao uliowasaidia, bali huo muda.

Pale pale San José palizuka ugomvi ambao mimi binafsi naona ndio wenye maana zaidi kwetu Waafrika. Mwaka wa 2013 walimu wa falsafa waliombwa watumie video za Michael Sandel, profesa maarufu wa Harvard anayefundisha juu ya haki. Wakakataa katakata, wakamwandikia Sandel barua ya wazi. Hoja yao haikuwa kwamba video zake ni mbaya. Walisema hivi: mkifanya hivi, kutakuwa na vyuo vya aina mbili. Wenye pesa watasoma na profesa wa kweli, wabishane naye uso kwa uso. Wasio na pesa watatazama video za profesa huyo akibishana na watoto wa matajiri, huku mwalimu wao akigeuzwa kuwa mtu wa kuwasha na kuzima mashine. Tena walisema, yafaa wanafunzi wote wa nchi nzima wasome somo la haki kwa maoni ya mtu mmoja? Sandel alijibu kwa upole kwamba hakutaka kazi yake itumiwe kuwadhuru walimu wa vyuo vingine.

Wako wanaosema walimu hao waliogopa kupoteza mkate wao. Huenda. Lakini hofu ya mkate haiifanyi hoja kuwa ya uongo. Jiulize: mwanafunzi wa Garissa au Lodwar akipewa video peke yake na mwenzake wa jijini akapewa video pamoja na mwalimu, wamepewa elimu moja?

Tuache ugomvi turudi darasani. Ikiwa mhadhara unaweza kuwekwa katika video, basi saa za kukutana ni za nini? Aliyelijibu swali hili vizuri ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, na alilijibu kabla hata ya mtandao kuenea. Alianza kufundisha huko mwaka wa 1984, wanafunzi wakamsifu, mitihani wakapita, naye akaamini yeye ni bingwa. Mgema akisifiwa... mwamalizia wenyewe. Mwaka wa 1990 aliwapa wanafunzi wake mtihani wa maswali mepesi yasiyo na hesabu yoyote. Mfano wa maswali ya namna hiyo niutie lugha yetu: matatu imegongana na baiskeli barabarani. Ni kipi kinachokisukuma kingine kwa nguvu zaidi?

Hebu jibu kabla hujaendelea. Wengi husema matatu. Mwalimu wetu wa fizikia ataguna, kwa sababu kanuni ya tatu ya Newton, ambayo tumeikariri kama kasuku, yasema nguvu hizo ni sawasawa. Baiskeli huumia zaidi kwa kuwa ni nyepesi, si kwa sababu imesukumwa kwa nguvu kubwa zaidi. Basi wanafunzi wa Harvard nao, wale werevu wa kuchaguliwa, wengi walikosa. Mmoja alimwuliza Mazur: nijibu kama ulivyotufundisha au kama ninavyofikiri mimi mwenyewe? Jamani! Kumbe miezi yote ile mafundisho yalikaa upande mmoja wa kichwa na fikira upande wa pili, havijuani.

Mazur alijaribu kuwaeleza tena, akachora, akaeleza upya. Nyuso zikabaki kavu. Mwishowe akawaambia, haya, ongeeni ninyi kwa ninyi. Ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki, na baada ya dakika chache wengi wakawa wameelewa. Sababu yake ni nyepesi. Mwanafunzi aliyeelewa jana bado anakumbuka ni wapi palipomtatiza. Profesa aliyeelewa miaka ishirini iliyopita amesahau kwamba palikuwa na tatizo. Tangu hapo Mazur aliwataka wanafunzi wasome sura kabla ya kuja, naye darasani huuliza swali, kila mtu huchagua jibu peke yake, kisha hugeukiana na kubishana, halafu huchagua tena.

Hiyo ndiyo roho ya mseto. Yale yanayoweza kufanywa na mtu mmoja, kama kusoma, kusikiliza na kutazama, yafanywe nje. Yale yanayohitaji watu, kama kubishana, kujaribu na kukosolewa, yawekewe saa za kukutana. Mhadhiri anayewapa wanafunzi video nyumbani, kisha wakija darasani awasomee maneno yale yale ya video, hajafanya mseto. Amepika wali mara mbili.

Kuhusu video zenyewe kuna utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014, uliochunguza watu walivyotazama video za masomo katika jukwaa la edX. Haukuwauliza watu maoni, ulihesabu mara walizotazama, zaidi ya milioni 6. Ilionekana kwamba hata video iwe ndefu namna gani, kwa kawaida mtu hudumu dakika sita hivi kisha huondoka. Sita tu! Tena waligundua kwamba mhadhara uliorekodiwa darasani ukakatwakatwa vipande hauvutii kama ule uliotayarishwa mahususi kwa video. Mwalimu anayeandika kwa mkono huku akieleza huwavutia watu kuliko kurasa zilizopigwa chapa, na anayesema kwa kasi na uchangamfu hawachoshi kama anavyodhania. Sisi tunaopenda ubao na chaki tumepata wakili.

Na kwa upande wa mwanafunzi, lipo jambo lililothibitishwa mwaka wa 2006 na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke. Waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu kifupi cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara mbili. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likafunga kitabu na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56 hivi, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana masomo mazuri ya mtandaoni hukatiza video na kumwuliza mtu swali. Si usumbufu. Nasi ambao wakati wa masomo ya jioni hupaka kalamu ya rangi kwenye daftari mpaka ukurasa wote ukawa njano kama embe, tufikirie vizuri.

Sasa nyumbani. Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wakati huo kaka yangu alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja, akarudi kwetu Kilifi, ndani ndani huko ambako mtandao hushika vizuri chini ya mwembe mmoja tu. Baada ya muda masomo yakaanza kwa simu. Mhadhiri mmoja alikuwa akisoma kurasa zake kwa saa mbili mfululizo, wanafunzi karibu 200, kamera zote zimezimwa. Kaka alifanya nini? Alijiunga, jina lake likaonekana kwenye orodha, akaitundika simu tawini, akaenda kufungua mbuzi. Simu ilihudhuria kila somo. Mwembe nao ulisikiliza mengi. Alipoulizwa swali siku moja, aliyeitika alikuwa kunguru.

Tulicheka sana, lakini si kaka peke yake aliyekosa. Saa mbili za picha na sauti zilikula bando la siku kadhaa. Mhadhiri wake mwingine, wa somo la historia, alifanya kinyume. Aliwatumia kwa WhatsApp sauti yake ya dakika nane hivi, na kurasa mbili za kusoma, na swali moja la kujibiwa kwa aya moja kabla ya Ijumaa. Alizisoma aya hizo akawarudishia maneno mawili matatu kila mmoja. Wanafunzi wake walikuwa kama arobaini, sharti niseme, si 200. Kwa somo hilo mbuzi walikaa zizini mpaka kaka amalize. Teknolojia aliyotumia mhadhiri huyo ilikuwa hafifu kabisa kuliko ile ya mwenzake, ila yeye aliifikiria hali ya yule anayempokea: ana bando kiasi gani, simu yake ni ya namna gani, nani anamwita nyumbani. (Mwaka ule kulikuwa hata na mabaluni ya kampuni moja ya Marekani yakielea juu ya Bonde la Ufa na Magharibi yakirusha mtandao. Yalianza Julai 2020, na Januari iliyofuata kampuni ikatangaza kuyafunga. Baluni hupita.)

Kuna wanaouliza habari ya wizi wa mitihani, nami sitalikalia sana swali hili. Tangu programu za akili bandia zinazoandika insha zilipotapakaa mwishoni mwa 2022, insha iliyoandikwa nyumbani haitoshi kumthibitisha mwandishi wake. Wahadhiri kadhaa wamerudia njia ya kale: mwanafunzi aeleze kazi yake kwa mdomo, dakika tano au kumi. Aliyeandika mwenyewe ataeleza, aliyeandikiwa atatokwa jasho. Shida ni ile ile ya San José na ya kaka: dakika kumi kwa wanafunzi 200 ni zaidi ya saa 33 za mhadhiri mmoja. Mseto mzuri hauji kwa bei ya bure, na chuo kinachousifu kwa sababu tu ni rahisi hakina budi kuulizwa kimepunguza nini.

Basi, ndugu zangu wa Kidato cha Nne ambao muda si mrefu mtajaza fomu za kuchagua vyuo, msitishwe na neno “mtandaoni” wala msilewe nalo. Kwa mtu mwenye mtoto mchanga, au mwenye kazi, au ambaye kwao hakuna pesa za kodi ya chumba mjini, njia hii ni mlango ambao zamani haukuwapo, na nisingependa mtu aufunge kwa dharau. Ulizeni tu kabla ya kuingia. Mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi? Nikituma zoezi, ni nani atalisoma, na litarudi baada ya siku ngapi? Tutakutana lini na wapi, na nauli ni ya nani? Somo lenye maabara, maabara yenyewe iko wapi? Mtandao ukikatika katikati ya mtihani, utaratibu ni upi? Mwulizeni pia aliye mwaka wa pili huko, si yule wa kwenye tangazo.

Kaka yangu alihitimu, na sasa yuko likizo nyumbani mwezi wa Agosti. Amekubali kuja kuzungumza na chama chetu Alhamisi ya pili ya muhula ujao, baada ya michezo, katika chumba cha Kidato cha Tatu Mashariki. Njoni na maswali. Ya mwembe ameomba yasizidi mawili.